Siku Programu Ilipojifunza Kihispania

Kwa miaka mingi Wenceslao Huarcaya aliheshimiwa katika mji mdogo wa Tuncapata kwa kitu ambacho hakukijua. Wanaume wengine huheshimiwa kwa ng'ombe zao, au kwa sauti nzuri ya kuimbia kanisani. Yeye aliheshimiwa kwa kutojua Kiingereza.

Manispaa ilikuwa na chumba cha ramani, na ndani ya chumba hicho meza kubwa ya mkaratusi iliyoelekea dirishani. Jua liliipiga tangu asubuhi, na kwa baridi ya milima ile, mahali penye jua si pa kumwachia mtu mwingine. Meza ilikuwa ya Wenceslao. Juu yake alipanga kalamu za wino, rula, kioo cha kukuzia na kikombe chake cha chai ya majani ya koka. Pembeni ilikaa kompyuta iliyoletwa na serikali kwa ajili ya kuchorea ramani. Kompyuta hiyo haikuwahi kuchora hata banda la kuku. Fidencia, mke wake, aliifumia kitambaa cha sufu chenye maua mekundu na mapindo ya kuning'inia, kama redio na jiko la gesi vinavyofumiwa katika kila nyumba yenye mwanamke mwenye haya. Ikakaa chini ya kitambaa mwaka baada ya mwaka, mfano wa bibi harusi aliyekimbiwa mlangoni mwa kanisa.

Kila meya mpya aliingia, akainua pindo moja, akauliza:

"Injinia, hii mashine vipi?"

Wenceslao alivua miwani, akaifuta taratibu, akaugua kidogo.

"Mheshimiwa, programu ni ya Kiingereza. Kila neno. Mimi ni mzalendo, nimesoma kwa lugha ya nchi yangu. Ingekuwa ya Kihispania, ah! Ningeipiga kama gitaa."

Meya alitikisa kichwa kwa masikitiko, akalirudisha pindo mahali pake, akatoka akiwa anawachukia Wamarekani.

Hilo jina la injinia nalo halikumgharimu sana. Alipata kozi fupi ya kuchora mjini Huamanga alipokuwa kijana, na huku milimani ukiwa na kalamu kwenye mfuko wa shati na viatu vinavyong'aa, hakuna atakayekuita kwa jina ulilobatizwa. Kazi yake yenyewe ilikuwa hivi: ndani ya droo alikuwa na karatasi moja kuukuu ya ramani, iliyochorwa na wanajeshi kwa picha za ndege zamani hizo. Akitakiwa ramani, alilaza juu yake karatasi ya kupenyeza mwanga, akafuata mistari ile ile kwa wino. Pembeni aliongeza tai mkubwa wa milimani, mabawa yamekunjuliwa, mzuri kweli, maana katika kuchora ndege hakuwa na mpinzani. Kupanda kwenda kuona mfereji au chemchemi hakuwahi. Alisema kifua chake hakiwezi.

Na watu walimletea vitu. Mtu akitaka kujua shamba lake linaishia wapi, alikuja na jibini limefungwa kwenye kitambaa, au mayai kwenye majani makavu, au simbilisi mnono amefungwa miguu. Injinia alishika kioo cha kukuzia, akaguna, akahema, akaweka kidole mahali fulani.

"Hapa."

Na jibini lilibaki mezani. Fidencia, aliyekuwa akioka mikate na kuiuza kwenye kona ya uwanja wa mji, alijua mchezo wote. Alilila jibini na kumdharau aliyelileta nyumbani, na hakuona kwamba moja linalizuia lingine.

Basi akachaguliwa meya mwanamke, Eufrasia Tineo, aliyekuwa mfanyabiashara wa sufu na mwenye malori. Mwanamke aliyezoea kubishana na madereva hababaishwi na mtu wa kufuta miwani. Wiki ile ile ya kuapishwa aliingia chumba cha ramani akiwa bado na vumbi la barabara kwenye sketi.

"Injinia, sikiliza. Ofisi ya maji mkoani haipokei tena ramani za karatasi. Wanataka iliyochorwa kwa programu. Tusipopeleka ya mfereji wetu kabla ya sikukuu ya kuusafisha, chemchemi inaandikwa kuwa haina mwenyewe. Na unajua akina nani wanaimezea mate."

Wenceslao alijua, kila mtu alijua. Nyuma ya mlima wanakaa watu wa Ancapuquio, ambao wameitaka chemchemi ile tangu babu zao.

"Mheshimiwa," alianza, mkono umeshafika kwenye miwani, "tatizo ni kwamba programu ni ya..."

"Ya Kiingereza. Nimeshaambiwa, hata punda wangu ameshaambiwa. Nimepiga simu Arequipa. Jumanne anakuja dada mmoja na programu hiyo hiyo, kwa Kihispania. Menyu, maelezo, kitabu, kila kitu." Akaigonga ile meza kwa kidole. "Maji yakipotea, Injinia, hii meza namwekea daktari wa mifugo. Yeye angalau anaingiza mkono kwenye kazi."

Jioni hiyo Wenceslao hakuweza kumaliza supu. Fidencia alimtazama akikoroga viazi, midomo yake inamcheza.

"Haya, mume wangu. Gitaa limekuja."

"Wewe huelewi mambo ya kitaalamu."

"Sielewi, ndiyo. Ninaelewa unga na moto. Wewe si uwaambie tu kwamba hujui, wakufundishe?"

"Niwaambie sijui? Mimi?" Akaweka kijiko chini kama mtu aliyetukaniwa mama. "Fidencia, mji huu unaniita Injinia."

"Mji huu unamwita mbwa wa padre Kapteni, na hajawahi kuongoza vita."

Jumanne ukumbi ukajaa. Mji usio na sinema hauwezi kuliacha tukio la bure. Wanawake walikuja na sufu zao za kusokota, wazee na mashavu yamejaa koka, na shuka la Fidencia likatundikwa ukutani liwe skrini. Yule dada kutoka Arequipa aliitwa Zoraida Llerena, mwembamba, mwepesi wa maneno, na projekta yake ameipakata kama mtoto. Alipowasha, ukutani yakatokea maneno, makubwa, meusi, ya kueleweka. Fungua. Hifadhi. Chora mstari. Chora mpaka. Pima eneo.

Muuza vitunguu aliyekaa mbele alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akageuka nyuma.

"Kumbe ni hayo tu?"

Kicheko kikaanzia upande wa wanawake kikaenda hadi mlangoni. Halafu, bila kuambizana, wote wakamtazama Wenceslao. Ilibidi ainuke.

"Ndugu zangu, msidanganyike. Hiki ni Kihispania cha kule Hispania. Wenzetu wa ng'ambo wana maneno yao. Kitaalamu ni hatari."

"Kimeandikwa Arequipa, Injinia," Zoraida alisema kwa upole. "Mmoja wa waliotafsiri ni binamu yangu."

"Basi ni herufi. Macho yangu siku hizi..."

"Jana aliona kiroboto juu ya paka, kutoka kitandani!" Fidencia alipaza sauti kutoka nyuma.

"Na umeme! Umeme wetu unarukaruka, mashine nyeti kama hii..."

"Injinia," Mama Meya alisema, "kaa."

Akakaa. Zoraida akaendelea kufundisha, akachora shamba, akalipima, akalifuta. Kisha akasema jambo moja na kulirudia: nchi hii ilipimwa mara mbili, zamani kwa kipimo cha kale na baadaye kwa kipimo cha setilaiti. Alama ile ile moja, ukiisoma kwa kipimo kisicho chake, inatua mbali kama viwanja vinne vya mpira. "Kwa hiyo ukiingiza karatasi ya zamani, programu itakuuliza ni kipimo gani. Tafadhali soma swali." Huko Huamanga hilo ndilo walilofundishwa hata kabla ya kushika kalamu, na Wenceslao alikuwepo darasani. Lakini dakika ile alikuwa anaitafuta leso mfukoni ili afute miwani kwa hasira.

Mwishoni Zoraida aliomba abaki mpaka Ijumaa amfundishe yeyote anayetaka. Mikono mingi ikanyooka. Wenceslao ndiye aliyeinuka kuishusha.

"Haina haja, dada. Sasa kwa kuwa ni ya Kihispania, mimi natosha. Nionyeshe tu pa kuwashia."

Angeweza kumeza kiburi kwa siku chache na kukitapika akiwa fundi. Hakukimeza. Zoraida aliandika namba yake ya simu ubaoni, akapanda basi.

Wenceslao akafungua droo, akaitoa ile karatasi ya wanajeshi, akaipeleka kuskaniwa, akaiingiza kwenye mashine. Fidencia alikuwepo, amemletea mkate wa moto, na kitambaa chake cha sufu kimetupwa juu ya kiti. Kwenye kioo likatokea dirisha dogo lenye swali: Karatasi hii imepimwa kwa kipimo cha zamani au kipya? Chini yake palikuwa na maelezo, mistari michache tu, pole pole, kama mwalimu wa watoto. Jibu la "kipya" lilikuwa limeshawekewa alama, kukungoja ulibadilishe.

Wenceslao akabofya Endelea.

"Hujasoma," Fidencia alisema.

"Hayo ni maneno ya kujazia nafasi."

"Limekuuliza kitu."

"Fidencia, mkate umeshaufikisha. Nenda."

Akaenda. Miaka yote ile alikuwa anaomba programu imsemeshe kwa lugha anayoielewa, na siku ilipomsemesha aliitendea kama mgeni anayeuliza njia sokoni. Akakazana kuchora, juu ya mistari ile ile aliyoizoea, mji, makaburi, kanisa, mfereji, chemchemi. Pembeni alijaribu kumchora tai wake kwa mistari ya mashine. Akatoka kuku aliyenyonyolewa.

Ramani ya mpaka haiendi mkoani mpaka majirani waione na kukubali. Kwa hiyo siku ya kuionyesha, Saturnino Allcca, mwenyekiti wa Ancapuquio, alikaa mstari wa mbele na kofia yake magotini, mpole, mnyenyekevu, kama paka aliyealikwa kwenye uchinjaji. Wenceslao alivaa tai shingoni. Alizungumza kwanza juu ya historia ya ramani, kisha juu ya kifua chake, kisha Mama Meya akamwambia aonyeshe.

Mistari ikatokea kwenye shuka, myekundu, imenyooka. Watu wakapiga makofi. Wenceslao, kwa kunogewa, akabofya ili picha ya setilaiti itokee chini ya mistari, kila mtu aone paa lake.

Makofi yakafa.

Mistari ilikuwa upande mmoja na mji upande mwingine. Kila kitu kilikuwa kimehama kwa pamoja kuelekea kaskazini mashariki, kama watu waliosikia kuna sherehe. Kanisa lilikuwa katikati ya ziwa, mahali wanapoogelea bata. Makaburi yalikuwa kwenye uwanja wa shule. Ofisi ya manispaa ilining'inia kwenye jabali. Na chemchemi, chemchemi yenyewe, ilikuwa imevuka mgongo wa mlima na kukaa vizuri, raha mustarehe, ndani ya ardhi ya Ancapuquio.

Saturnino aliinuka, akaweka kofia kifuani.

"Ndugu zangu wa Tuncapata, leo mmenitoa machozi. Babu zetu walirushiana mawe, kumbe ilihitajika elimu tu. Nakubali. Kalamu iko wapi?"

"Kaa chini, Saturnino!" Mama Meya akafoka. "Injinia, kanisa liko wapi?"

Wenceslao aliipata miwani yake. Jasho lilikuwa limeshaifuta kwa niaba yake.

"Mheshimiwa, ramani yangu iko sawa. Ni picha ndiyo iliyosogea. Ile setilaiti, kama mnavyojua, ni ya Wamarekani. Inafanya kazi kwa..."

"Usithubutu!"

"...kwa Kiingereza."

Ukumbi ulipasuka. Bibi mmoja alicheka hadi sufu yake ikaviringika chini ya viti. Mama Meya hakucheka. Maji ya watu wake yalikuwa yamelala kwa jirani mbele ya macho yake. Alitoa simu, akapiga namba iliyokuwa bado ubaoni, akaweka sauti kubwa.

"Dada Zoraida, ramani yetu imetembea."

"Kila kitu kimekwenda upande mmoja, Mama?"

"Kila kitu. Hadi padre."

"Basi hakusoma lile swali la kipimo."

"Hakusoma!" Fidencia alisema kutoka nyuma, na safari hii hakuwa anacheka. "Nilikuwepo. Nilimwambia limekuuliza kitu, akaniambia ni maneno ya kujazia nafasi."

Wenceslao alimtazama mkewe kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa. Fidencia alimrudishia macho bila kupepesa. Yeye ndiye aliyekuwa anakanda unga kwa maji yale kila alfajiri.

Zoraida alielekeza kwa simu, muuza vitunguu akabofya. Kipimo cha zamani. Sawa. Na mbele ya watu wote mistari ikateleza, ikarudi, ikakaa juu ya mapaa. Kanisa lilipotoka ziwani, wazee wakavua kofia.

Saturnino alikuwa ameshakaa, amenuna. Lakini hakuwa ameacha kutazama.

"Mbona mfereji unapita kwenye shamba la marehemu Teodomira?" akauliza. "Si ulihamishwa, tangu maporomoko? Na mdomo wa chemchemi mlishausogeza juu. Hiki mlichochora ni kitu ambacho hakipo."

 Kila mwenye shamba alianza kuukumbuka mfereji kwa miguu yake mwenyewe, kona kwa kona, na kuulinganisha na ule wa ukutani. Kisha, pole pole, kila mmoja akaanza kukumbuka jibini lake.

"Injinia," Mama Meya alisema taratibu, "umewahi kufika kwenye chemchemi?"

"Kifua changu, Mheshimiwa..."

"Kitafika pamoja na wewe. Sikukuu ni wiki ijayo. Utapanda na watu wote, na kile kidude cha kupimia kwa setilaiti shingoni, kona zote mpaka mdomoni. Na jioni hiyo hiyo ramani inakwenda mkoani. Isipokwenda, usirudi mezani, pitia tu dirishani nikurushie kikombe chako."

Siku ya kusafisha mfereji Tuncapata nzima hupanda na majembe, na mitungi ya pombe ya mahindi haikosi kwenye kivuli cha mawe. Wanawake huvaa maua kwenye kofia, na ni haki yao, siku hiyo moja, kumwimba mtu yeyote wamtakaye. Mwaka ule hawakuhangaika kutafuta wa kumwimba. Wenceslao alipanda na viatu vyake vya kung'aa, maana vingine hakuwa navyo, kidude kikimgonga kifuani kama kengele ya mbuzi. Kila kona ilibidi asimame wima mpaka kidude kiipokee alama, na kila aliposimama walimzunguka.

*Injinia wetu fundi, kanisa kalizamisha,
padre kaenda kuungama, bata wakamsikiliza!*

"Mnywesheni, mnywesheni!" Muuza vitunguu alimsogezea kibuyu. "Asije akatuhamia Ancapuquio."

Alikunywa. Alitapika mahali fulani juu ya shamba la Teodomira. Kifua, jambo la ajabu, hakikumsumbua hata kidogo. Miguu ndiyo iliyomuua, na aibu, na kona ambazo hakuwa amezijua, moja baada ya nyingine, katika mfereji aliouchora maisha yake yote. Kwenye mdomo wa chemchemi Saturnino alikuwa ameshatangulia kwa upande wake wa mlima, anatafuna koka, aone mwenyewe alama inapowekwa. Kidude kikalia. Upande wa Tuncapata, hatua za kutosha kutoka mpakani, kama ulivyokuwa siku zote. Saturnino akatema majani.

"Nilishaanza kupanga mabomba," akasema.

Jioni hiyo Wenceslao alikaa mbele ya mashine, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, Fidencia kasimama nyuma yake na mikono kiunoni. Kila dirisha lililotokea, alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakubofya mpaka mkewe aseme haya. Ramani ikaenda. Ofisi ya maji ikaipokea, Saturnino akatia sahihi kwa uso wa mtu anayekunywa siki, na chemchemi ikaandikwa kwa jina la Tuncapata.

Meza hakunyang'anywa. Bado anakaa juani na kikombe chake. Lakini ramani sasa iko kwenye kioo cha kompyuta kilichoelekezwa mlangoni, kwa amri ya Mama Meya, na mtu akitaka kujua shamba lake linaishia wapi anaingia, anaandika jina lake, anaangalia, anaaga. Jibini anaondoka nalo chini ya kwapa kwenda kuliuza. Simbilisi wameacha kabisa kupita njia ile.

Akimpata msikilizaji, mara nyingi ni mgeni anayesubiri basi, Wenceslao huvua miwani na kuugua.

"Hii programu ya Kihispania imeharibu kazi. Kila mtu anabofya. Zamani ilipokuwa ya Kiingereza, bwana, hapo ndipo ulimjua mtaalamu."

Fidencia, ambaye kapu lake la mikate liko pale pale chini ya dirisha, limefunikwa kile kitambaa chenye maua mekundu, husikia kila neno.

"Ombea wasiitoe kwa Kikechua chetu cha milimani, mume wangu," humwambia bila kuinua kichwa. "Hata kondoo wataanza kujichorea."

Kisha humuuzia mgeni mkate.